Kuchota mamilioni ya rekodi kwenye kanzidata ya wingu ukiwa Tabora

Kila mtumba wa tumbaku unaopanda mizani huacha rekodi moja: mkulima, chama cha msingi, daraja, kilo, saa. Ukikusanya vyama vya Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui kwenye jedwali moja, misimu michache inatosha kukufikisha kwenye mamilioni. Ripoti iliyokuwa ikifunguka papo hapo inaanza kuzunguka, kisha inakata, na msimamizi wa mfumo anaambiwa akodi seva kubwa zaidi. Asikubali haraka. Jedwali la rekodi milioni 20 si kubwa kwa PostgreSQL, programu ya kuendesha kanzidata. Kinacholiangusha ni swali lililoandikwa bila kujali rekodi zimelala vipi kwenye diski, wala umbali uliopo kati ya Tabora na seva.

Tunatumia PostgreSQL hapa kwa sababu AWS, Google Cloud na Azure, huduma kubwa za kukodisha seva za wingu, zote zinaikodisha, na amri zake ni zilezile kote. Jedwali la mfano ni hili:

```
CREATE TABLE mitumba (
  id          bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  chama_id    int NOT NULL,
  mkulima_id  int NOT NULL,
  wakati      timestamptz NOT NULL,
  daraja      text NOT NULL,
  kilo        numeric(6,2) NOT NULL,
  risiti      jsonb,
  imeingia    timestamptz NOT NULL DEFAULT now()
);
```

Safu ya `wakati` ni pale mtumba ulipopimwa sokoni. `imeingia` ni pale rekodi ilipoifikia seva, na saa yake ni ya seva, si ya simu ya karani. Tofauti ya hizo mbili itakuwa na kazi kubwa huko mbele.

Pima umbali kwanza

Kabla ya kugusa swali lolote, jua seva iko wapi. Azure ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, AWS ikafuata Cape Town mwaka 2020, na Google Cloud Johannesburg mwaka 2024. Hata hivyo kanzidata nyingi za ofisi zetu ziko Ulaya au Marekani, kwa sababu tu aliyefungua akaunti aliacha chaguo la kwanza lililojitokeza kwenye skrini.

Fungua psql, dirisha la amri la PostgreSQL, andika `\timing on`, kisha `SELECT 1;` mara tano au sita. Acha jibu la kwanza, tazama yanayofuata. Swali hilo halina kazi yoyote, kwa hiyo muda unaouona ni safari ya kwenda na kurudi tu. Tuseme umepata milisekunde 90. Programu inayochukua orodha ya wakulima 3,000 kisha kuuliza kilo za kila mmoja peke yake itakaa sekunde 270, yaani dakika nne na nusu, huku seva ikiwa karibu imelala. Hapo hata ukiongeza RAM mara kumi hutapunguza sekunde hata moja. Uliza mara moja tu:

```
SELECT mkulima_id, sum(kilo) AS jumla
FROM mitumba
WHERE mkulima_id = ANY($1)
  AND wakati >= '2024-04-01 00:00+03'
  AND wakati <  '2024-10-01 00:00+03'
GROUP BY mkulima_id;
```

`$1` ni orodha moja (array) yenye namba zote 3,000. Ukiziorodhesha mojamoja ndani ya `IN`, kila namba inahesabiwa kuwa kigezo chake, na PostgreSQL haipokei vigezo zaidi ya 65,535 kwa swali moja. Zikifika laki na zaidi, zipakie kwenye jedwali la muda kwa `COPY`, endesha `ANALYZE` juu yake ili seva ipate takwimu zake, kisha unganisha kwa `JOIN`.

Kosa hili mara nyingi halionekani kwenye msimbo, hasa kama programu inatumia maktaba inayojitungia SQL (lugha ya maswali ya kanzidata) yenyewe. Dalili yake ni kwamba ripoti inachelewa wakati grafu ya CPU ya seva imetulia chini. Washa kumbukumbu (log) ya maswali yanayopita. Ukiona mstari uleule ukijirudia mamia ya mara, namba tu ikibadilika, umempata.

Isome mipango ya seva

```
EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)
SELECT id, wakati, daraja, kilo FROM mitumba
WHERE chama_id = 417
  AND wakati >= '2024-06-01 00:00+03'
  AND wakati <  '2024-07-01 00:00+03';
```

`EXPLAIN` huonyesha seva imelitekeleza swali kwa njia gani. Tafuta mambo matatu kwenye majibu. La kwanza ni `Seq Scan`, maana yake seva imesoma jedwali zima. La pili ni `Rows Removed by Filter`: namba ikiwa mamilioni wakati ulichopata ni rekodi elfu chache, umelipia usomaji usiokuwa na faida. La tatu ni `Buffers`. Kila bafa ni ukurasa wa diski wa kilobaiti 8. `Hit` imetoka kwenye RAM, `read` imeombwa nje yake. `read=250000` ni takribani gigabaiti 2 zilizovutwa kwa ajili ya swali moja.

Kumbuka kwamba `ANALYZE` humu ndani inaliendesha swali kweli, si kulikadiria. Ukichunguza `UPDATE` au `DELETE`, tangulia na `BEGIN;` na malizia na `ROLLBACK;`, la sivyo utakuwa umefuta data huku unapima mwendo.

`Seq Scan` yenyewe si dhambi. Ukihitaji nusu ya jedwali, kulisoma moja kwa moja kuna nafuu kuliko kurukaruka kupitia indeksi, yaani orodha ya pembeni iliyopangwa inayoonyesha rekodi zilipo. Tatizo ni pale unapotaka kiganja na seva inapakua ghala.

Indeksi ifuate sura ya swali

```
CREATE INDEX CONCURRENTLY mitumba_chama_wakati
ON mitumba (chama_id, wakati, id);
```

Mpangilio wa safu ndio kila kitu. Tangulia na ile unayoilinganisha kwa `=`, kisha ile ya masafa au ya kupangia. Ukigeuza na kuanza na `wakati`, seva italazimika kupitia maingizo ya vyama vyote vya Juni ndipo ichambue chama namba 417. `id` mwishoni tumeiweka kwa ajili ya kuvuta matokeo ukurasa kwa ukurasa, tutaifikia.

`CONCURRENTLY` huacha makarani waendelee kuingiza mitumba wakati indeksi inajengwa. Haikubali kuendeshwa ndani ya muamala (kundi la amri linalokamilika au kufutwa kwa pamoja), na ikikatika katikati huacha indeksi batili inayokula nafasi na kuchelewesha uingizaji bila kusaidia swali lolote. Itafute hivi, kisha ifute kwa `DROP INDEX CONCURRENTLY` na uanze upya:

```
SELECT indexrelid::regclass FROM pg_index WHERE NOT indisvalid;
```

Indeksi inaweza kuwapo na isitumike. Sababu tunayoikuta mara nyingi kuliko zote ni kuifunika safu kwa kazi: `WHERE date(wakati) = '2024-06-03'`. Indeksi imepanga `wakati`, haijapanga `date(wakati)`, hivyo inaachwa pembeni. Andika masafa, kama mifano ya juu. Sababu nyingine ni kutafuta jina kwa `LIKE '%ganga'`. Alama ya asilimia ikiwa mbele, indeksi ya kawaida haina pa kuanzia. Kwa majina washa kiendelezi cha `pg_trgm` na ujenge indeksi ya GIN yenye `gin_trgm_ops`.

Sasa hiyo `+03`. Seva za wingu kwa kawaida hukaa kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, na saa sita usiku ya Tabora ni saa 21:00 UTC ya siku iliyotangulia. Ukiandika `'2024-06-01'` bila kutaja ukanda, mwezi wako unaanza saa tisa usiku kwa saa zetu. Soko halipimi usiku, kwa hiyo hesabu zitaonekana sawa kwa muda mrefu, mpaka siku utakapotumia swali hilohilo kwenye jedwali la malipo ya simu.

Tukiwa kwenye saa: kama fomu ya karani ina kisanduku cha kuandika saa kwa mkono, tarajia mtu aandike 3:00 akimaanisha saa tatu asubuhi, na rekodi itasimama saa tisa usiku. Kagua kwa sampuli, usisome jedwali zima:

```
SELECT extract(hour FROM wakati AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam') AS saa,
       count(*)
FROM mitumba TABLESAMPLE SYSTEM (1)
GROUP BY 1 ORDER BY 1;
```

`TABLESAMPLE SYSTEM (1)` huchukua takribani asilimia moja ya kurasa za diski. Ukiona mitumba imepimwa saa 3 na saa 4 za alfajiri kwa mtindo wa saa 24, fomu ndiyo ya kurekebishwa, si swali.

Taja safu unazozihitaji

Safu ya `risiti` hubeba makato ya pembejeo, namba ya mizani na mengineyo; tuseme kilobaiti 3 kwa rekodi. `SELECT *` ya rekodi 200,000 itavuta megabaiti 600. Ukitaja `id, wakati, daraja, kilo`, kila mstari ni kama baiti 50, jumla megabaiti 10. Kwa anayetumia bando, hiyo ni tofauti ya fedha, na mtoa huduma wa wingu naye anatoza data inayotoka nje ya kituo chake.

Hata ndani ya seva kuna nafuu. PostgreSQL huhifadhi kando thamani zinazoufanya mstari uzidi takribani kilobaiti 2. Usipoitaja `risiti`, haiendi kuifuata huko iliko.

Kurasa kwa alama, si kwa OFFSET

Hapa ndipo kazi nyingi za kuhamisha data hufia. Watu huandika `LIMIT 5000 OFFSET 0`, halafu `OFFSET 5000`, na kuendelea. Seva haina njia ya kuruka moja kwa moja hadi rekodi ya 3,000,000; inasoma zote milioni tatu, inazitupa, kisha inakupa 5,000. Ukurasa wa kwanza ni mwepesi na wa mia sita ni mzigo. Mbaya zaidi, rekodi ikiongezwa au kufutwa katikati ya kazi, kurasa zote zinasogea: mitumba mingine utaipata mara mbili, mingine hutaiona kabisa.

Badala yake, kumbuka ulipoishia na uanzie hapo:

```
SELECT id, wakati, daraja, kilo
FROM mitumba
WHERE chama_id = 417
  AND (wakati, id) > ($1, $2)
ORDER BY wakati, id
LIMIT 5000;
```

`$1` na `$2` ni `wakati` na `id` za rekodi ya mwisho ya ukurasa uliopita. `id` lazima iwepo kwa sababu mitumba miwili inaweza kupimwa sekunde ileile. Indeksi tuliyojenga inajibu swali hili bila kupanga chochote, na ukurasa wa mia sita unachukua muda sawa na wa kwanza.

Faida kubwa kwetu ni pale umeme unapokatika. Muunganisho ukikatika, hupotezi zaidi ya ukurasa mmoja, ilimradi alama umeihifadhi. Utaratibu ni huu: andika ukurasa kwenye faili la muda, lifunge, libadilishe jina liwe la kudumu lenye namba ya ukurasa, ndipo uandike alama mpya. Usianze na alama. Ukianza nayo na umeme ukakata kabla faili halijaandikwa, ukurasa huo umepotea kimyakimya. Ukifuata mpangilio sahihi, baya linaloweza kutokea ni kuvuta ukurasa uleule tena na kuandika juu ya faili lilelile.

Kwa kazi inayojirudia, mfano kuvuta mitumba mipya kila usiku kwenda kwenye mfumo wa malipo, `wakati` si alama salama. Karani aliye kijijini ambako mtandao haushiki anapima Jumatatu, simu inatuma Alhamisi. Rekodi zake zinaingia zikiwa na `wakati` wa Jumatatu, alama yako imeshafika Jumatano, na wakulima hao hawataonekana kwenye malipo. Tumia `imeingia`, pamoja na indeksi yake ya `(imeingia, id)`:

```
SELECT id, chama_id, mkulima_id, kilo, imeingia::text
FROM mitumba
WHERE (imeingia, id) > ($1, $2)
  AND imeingia < now() - interval '15 minutes'
ORDER BY imeingia, id
LIMIT 5000;
```

Mstari wa dakika 15 usiuondoe. `now()` hutoa saa muamala ulipoanza, si ulipokamilika. Simu inayotuma mitumba 400 kwenye mtandao dhaifu inaweza kufungua muamala saa 10:00 na kuukamilisha 10:04; ukisoma 10:02 ukaisogeza alama mbele, mitumba hiyo 400 itatokea nyuma yako. Hizo dakika ziwe nyingi kuliko muamala mrefu kabisa unaouruhusu, na `idle_in_transaction_session_timeout` isaidie kuua ile iliyotelekezwa.

Na kwa nini `imeingia::text`? PostgreSQL hutunza saa hadi maikrosekunde, lakini JavaScript inaishia milisekunde. Alama ikipita kwenye tarehe ya JavaScript inakatwa mkia na kurudi nyuma kidogo. Rekodi zote za muamala mmoja zina `imeingia` moja, hivyo kama muamala mmoja umeingiza zaidi ya 5,000, programu itavuta ukurasa uleule milele. Beba alama kama maandishi, bila kuigeuza.

Ukubwa wa ukurasa? Kati ya 2,000 na 10,000 kwa mistari midogo. Chini ya hapo unalipa safari nyingi. Juu zaidi, kila mtandao ukikatika unarudia kazi kubwa.

Hesabu zifanyike kwenye seva

Ukitaka jumla ya kilo kwa chama na daraja, usivute mitumba kuja kuijumlisha kwenye Excel. `GROUP BY` itarudisha mistari mia chache. Kama jumla hizo zinaangaliwa mara mia kwa siku, zihifadhi:

```
CREATE MATERIALIZED VIEW jumla_chama AS
SELECT chama_id, daraja,
       date_trunc('month', wakati AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam') AS mwezi,
       count(*) AS mitumba, sum(kilo) AS kilo
FROM mitumba GROUP BY 1, 2, 3;

CREATE UNIQUE INDEX ON jumla_chama (chama_id, daraja, mwezi);
```

Kisha `REFRESH MATERIALIZED VIEW CONCURRENTLY jumla_chama;` kila usiku. Bila ile indeksi ya kipekee, `CONCURRENTLY` itakataa.

Kuhusu ule mstari wa "rekodi 1 hadi 50 kati ya 20,418,233" chini ya kila ripoti: `count(*)` hiyo huigharimu seva kuliko ripoti yenyewe, na hakuna anayeisoma. Iondoe, au tumia makadirio ya `reltuples` kutoka `pg_class`.

Ukilazimika kuchukua zote

Usizivute moja kwa moja hadi Tabora. PostgreSQL haibani data inapoisafirisha, kwa hiyo kilichomo ndicho kitakachopita kwenye bando lako. Kodi mashine ndogo ya saa chache kwenye kituo kilekile cha kanzidata, ingia ndani ya `tmux` ili kazi isife simu ikipoteza mtandao, kisha:

```
psql "$KANZI" -c "\copy (SELECT id, chama_id, mkulima_id, wakati, daraja, kilo FROM mitumba WHERE wakati >= '2024-04-01 00:00+03') TO PROGRAM 'gzip > /data/m2024.csv.gz' CSV HEADER"
```

`\copy` yote ikae mstari mmoja; `$KANZI` ni maelezo ya kuunganisha na kanzidata yako. CSV ya namna hii ikibanwa hupungua mara kadhaa. Lishushe kwa `rsync -P --append-verify`. Ikikatika, rudia amri ileile nayo itaendelea ilipoishia. Kisha izime mashine hiyo, maana inatoza hata ikiwa haina kazi.

Mengine yanayokwamisha

Programu ya Python inauawa kwa kukosa RAM. psycopg2, maktaba ya Python ya kuongea na PostgreSQL, kwa kawaida huvuta matokeo yote kwanza ndipo ikupe mstari wa kwanza. Ipe kursa (kisomaji cha matokeo) jina, nayo itavuta 2,000 kwa mkupuo. Kwa Java, `setFetchSize` haifanyi kazi mpaka uzime `autocommit`. Kursa hizi hushikilia muamala wazi, na muamala wa saa nyingi huzuia usafishaji wa rekodi zilizokufa, yaani zilizofutwa au kubadilishwa. Kwa kazi ndefu kurasa za alama ni bora.

Ripoti kwenye nakala ya kusomea (seva ya pili inayoifuata ile kuu) inakatwa kwa `canceling statement due to conflict with recovery`. Nakala ilipaswa kufuta kitu ambacho swali lako bado linakisoma, na kwa kawaida husubiri sekunde 30 tu. Gawanya swali kabla ya kuongeza `max_standby_streaming_delay`.

`EXPLAIN` inaonyesha `external merge Disk`. Upangaji umezidi `work_mem`, ambayo huanzia megabaiti 4, ukamwagikia kwenye diski. Weka `SET LOCAL work_mem = '64MB'` ndani ya muamala wa ripoti hiyo pekee. Usiipandishe kwa seva nzima: kila hatua ya upangaji ya kila muunganisho inaweza kuchukua kiasi hicho.

Swali zuri linageuka bovu baada ya kupakia msimu mzima kwa mkupuo. Takwimu za seva zimepitwa. Endesha `ANALYZE mitumba;` mara tu upakiaji unapokwisha.

Kila kitu ni chepesi asubuhi na kizito mchana. Mashine ndogo za bei nafuu hutumia akiba ya CPU inayoisha; angalia grafu ya akiba hiyo kabla ya kulaumu indeksi.

Kuhusu kugawa jedwali kwa misimu, subiri mpaka indeksi haziingii tena kwenye RAM au mpaka uhitaji kuondoa misimu ya zamani. Ukigawa kwa `PARTITION BY RANGE (wakati)`, ufunguo mkuu lazima ujumuishe `wakati`, na kila swali lisilotaja `wakati` litapita vipande vyote. Faida yake iko kwenye kuhamisha: `ALTER TABLE mitumba DETACH PARTITION mitumba_2015` haichukui muda, wakati `DELETE` ya mamilioni ya rekodi inaweza kukamata usiku mzima na kuacha rekodi zilizokufa zinazosubiri kusafishwa na `VACUUM`.